Samadi ya Zizi la Shigela

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, Teodora alikuwa kitaluni kwake Igogo akichekecha udongo. Kitalu chenyewe ni kipande cha ardhi kati ya barabara na mtaro, kina kivuli cha neti nyeusi na bomba linalotoa maji siku likijisikia, na mgeni anaweza kupita hapo akadhani ni mahali pa kutupia vyungu. Wenyeji wanajua. Mwanza hii ukitaka mmea wa kuweka ndani, ukae mwaka mzima bila kufa, unakwenda kwa Teodora, na ukifika unasubiri amalize kuchekecha, kwa sababu hasemi na mtu akiwa na chekeche mkononi.

Mimea inauzwa na kila mtu, ndivyo alivyokuwa akisema. Wenzake walichota udongo wowote wa kando ya njia, wakaujaza kwenye chungu, wakachomeka tawi, wakauza. Wiki ya tatu tawi limenyauka, na mteja wa watu anabaki kujilaumu kwamba ana mkono mbaya. Teodora yeye aliuliza kwanza: chumba kina dirisha upande gani, feni inawashwa, nani anamwagilia, na huyo anayemwagilia ana huruma sana au kiasi. Mimea mingi ya ndani, alisema, inauawa na huruma. Mtu anaona jani limeinama, anamimina kopo zima, kesho tena kopo zima, mizizi inaoza mwenyewe akidhani anaokoa.

Kisha alichanganya kulingana na majibu. Mkonge wa sebuleni, ule wenye majani marefu yaliyosimama wima, aliupa mchanga wa ziwa uliooshwa mara tatu pamoja na chenga za mkaa, udongo ambao ukiufumbata haushikani, unamwagika. Makangaga aliyapa udongo mweusi wa msituni, ukiufinya unabaki tonge. Mpira wa ndani na yale majani mapana yenye matundu aliyawekea makapi ya mpunga ili mizizi ipumue. Na katika kila mchanganyiko palikuwa na samadi, na hapo kwenye samadi ndipo alipokuwa mgumu kuliko mkopeshaji. Samadi mbichi inachoma mizizi. Samadi nusu inaleta nzi kwenye sebule za watu. Yeye alitaka samadi ya zizi la zamani, tena ile ya chini kabisa, nyeusi, nyepesi, isiyo na harufu, iliyokwisha kusahau kwamba ilitoka kwa ng'ombe.

Samadi ya aina hiyo hasa alikuwa ameipata mara moja tu. Aliipata mwezi wa saba, nyuma ya viwanda vya Nyakato, kwenye mji mmoja wa Wasukuma ambao wenyewe walikuwa wamehamishwa ili pajengwe ghala. Nyumba zilikuwa zimeshabomolewa. Zizi lilikuwa limebaki na ua wake wa minyaa, na samadi ndani yake ilifika kiunoni. Mlinzi hakuwa na neno. Alimwambia achote tu, greda linakuja wiki ijayo. Teodora hakuhangaika na ya juu. Alichimba karibu na mlango wa zizi, pale ng'ombe walipokanyaga zaidi kwa miaka, akashuka mpaka kina cha mkono mzima, na huko akakuta samadi ambayo hajawahi kuishika maishani. Alikuta pia kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakiweka pembeni, na mifupa midogo midogo, mikavu, aliyodhani ni ya ndama. Mifupa ni mizuri kwa mimea. Akaitwanga kwenye kinu, akaichanganya humohumo.

Ikajaza vyungu vikubwa sita, ikaisha. Viwili vilinunuliwa na ofisi ya wathamini wa ardhi iliyokuwa imehamia jengo jipya mjini, ghorofa ya tatu. Kimoja kilikwenda kwa Mwanvua, fundi cherehani wa Mabatini, mjane. Kimoja kwa daktari wa meno, kimoja kwenye duka la dawa. Cha sita, chenye mpira uliopinda shina, hakikupata mteja, Teodora akakiweka sebuleni kwake.

Alhamisi hiyo basi, Teodora akiwa bado anachekecha, Mwanvua alifika na mkoba wake, akasubiri mpaka chekeche likawekwa chini.

"Dada Teodora, ule mmea wako unakohoa."

"Unakohoaje?"

"Kikohozi cha mtu mzima. Kikavu. Alfajiri na jioni."

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila siku, kikombe kimoja."

"Ndiyo maana. Mara moja kwa wiki, na kwanza uchomeke kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, acha."

Mwanvua alikwenda kupunguza maji, na kikohozi kikapungua. Wiki hiyohiyo daktari wa meno alipiga simu kuuliza kama ni kawaida mikono kutokea kwenye chungu. Ilikuwa mikono miwili ya mzee, yenye kucha nene, inayokaa kwenye ukingo wa chungu kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Hakuwa analalamika. Wagonjwa wake walikuwa wameanza kuishika wakati wa kung'olewa jino, na kelele zimepungua sana. Alitaka tu kujua kama losheni itadhuru mmea. Teodora akamwambia losheni hapana, apake mafuta ya nazi kidogo. Kwenye ofisi ya wathamini ilitokea miguu, kuanzia magotini kushuka, imevaa katambuga, imesimama kati ya vile vyungu viwili vya mapokezi; mfagiaji aliizunguka kwa ufagio na hakuna aliyemsumbua Teodora kwa jambo hilo. Hata yeye mwenyewe, sebuleni kwake, alikuwa akiona uso wa mzee katikati ya majani ya ule mpira uliopinda, macho yamefumba. Alidhani ni wa mpangaji aliyetangulia. Alimwamkia kila asubuhi kwa sababu ya adabu, na hakuitikiwa, na hakuchukia.

Kwenye duka la dawa palikuwa na mluzi. Na mluzi huo ndio uliomleta Rebeka.

Rebeka alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mrefu, amejifunga kitenge cha msiba ambacho kimefuliwa mara nyingi. Alikuwa ameingia dukani kununua dawa ya magoti, akasikia mluzi ule, milio mitatu mifupi na mmoja mrefu unaoshuka, akasahau magoti yake. Aliuliza mmea umetoka wapi. Akaelekezwa Igogo. Ilikuwa Alhamisi ya pili, na alipofika hakusubiri chekeche liwekwe chini.

"Samadi umeitoa wapi, mama?"

Teodora akamwambia: Nyakato, nyuma ya viwanda, kwenye mji uliohamwa.

"Zizini?"

"Zizini."

"Mlangoni, au katikati?"

"Mlangoni. Chini kabisa, ndiko kuzuri."

Rebeka akaketi kwenye kiroba cha makapi. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ule ulikuwa mji wa baba yake, Mzee Shigela, aliyefariki yeye akiwa binti wa miaka ishirini na mbili. Mwenye mji wa zamani hakuzikwa makaburini pamoja na watu. Alizikwa mlangoni mwa zizi lake, amefungwa kwenye ngozi ya fahali, amelazwa ubavu wa kulia, ili ng'ombe wapite juu yake wakienda malishoni na wapite juu yake wakirudi. Jiwe haliwekwi, jiwe linaumiza kwato. Wathamini walipokuja kuorodhesha mali waliandika nyumba, migomba, mipapai sita, kisima, hata ua wa minyaa. Wakasema, onyesheni makaburi. Rebeka akawapeleka zizini. Wakaona samadi na nzi. Msalaba hakuna, saruji hakuna. Wakaandika: makaburi, hakuna.

"Mimi ni Mkerewe," Teodora alisema. "Sikujua. Lakini ningepaswa kuuliza." Aliangalia mikono yake. "Nilimtwanga kwenye kinu, mama. Nilidhani ni ndama."

Aliona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, aibu ya mwili mzima, na alitamani Rebeka amtukane. Rebeka hakumtukana. Alisema kaka zake wameshachimba kaburi jipya Kisesa, walikohamia, na kinachotakiwa ni kumtoa baba kule Nyakato kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wanamwaga zege la sakafu ya ghala. Lakini mlinzi wa sasa anataka karatasi inayosema pale pana kaburi. Karatasi ya wathamini inasema hakuna.

"Mbona mimi niliingia?"

"Wewe uliingia greda halijapita. Sasa pameshindiliwa kifusi. Halafu samadi inaruhusiwa, mwanangu. Mtu ndiye anayehitaji karatasi."

Ijumaa asubuhi Teodora alikodi kirikuu, akazunguka na Rebeka kukusanya vyungu. Daktari wa meno alitoa chake kwa shingo upande, akauliza mikono itarudi lini, kwani ana mtu wa magego mawili saa tano. Duka la dawa hawakuwa na neno. Mwanvua alikifuta chungu chake vumbi kwanza, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

"Nyumba ilikuwa imechangamka," alisema. "Mtu akikohoa chumba cha pili, unajua hauko peke yako." Kisha akaingia ndani.

Kwenye kirikuu, vyungu viliposogezwa karibu, Mzee Shigela alikusanyika bila haraka. Uso ulitoka kwenye mpira uliopinda, ukafumbua macho. Mikono ikapata mabega. Alikohoa mara mbili, akapiga mluzi wake kujaribu, akaketi kati ya majani akiwa na koti la kaki na blanketi begani, bila miguu, akitazama mawe ya Mwanza yalivyopandiwa na nyumba mpaka juu. Upande wake wa kushoto ulikuwa kamili. Upande wa kulia, kuanzia kwapani mpaka nyonga, koti lilining'inia juu ya hewa.

"Shikamoo baba," Rebeka alisema.

"Marahaba, Rebeka. Umezeeka."

"Nimezeeka, baba."

"Ubavu wangu mmeuacha."

Teodora alimwamkia, akamweleza yeye ni nani na amefanya nini, chekeche, kinu, yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwuliza kama samadi ilikuwa nzuri. Teodora akasema ilikuwa nzuri kupita zote. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mfugaji yeyote ambaye zizi lake limesifiwa, na Teodora akageuka upande wa barabara, machozi yakimtoka.

Karatasi ilikuwa kwa wathamini, kwa hiyo walimpandisha ngazi pamoja na vyungu vyake, kimoja kimoja, mpaka ghorofa ya tatu. Mlangoni pa ofisi ya wathamini alivaa miguu yake, akajiweka sawa, akaingia akitembea. Dada wa mapokezi aliwapa viti. Mzee alikaa, akainama kidogo kulia, akashikilia meza, kwa kuwa upande ule haukuwa na kitu cha kuegemea.

Mthamini aliyeshika faili lile aliitwa Yeremia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati lililopigwa pasi na adabu ya kweli, na hilo lisemwe, kwa sababu si kila ofisi utakuta mtu anasimama kumwamkia mzee. Alimwamkia Mzee Shigela kwa mikono miwili. Akamwamkia na Rebeka. Akafungua faili.

"Jina kamili, mzee?"

"Shigela Masalu."

"Umri?"

"Wa kufa, au mpaka leo?"

Yeremia aliifikiria. "Wa kufa unatosha."

"Sitini na nane."

"Na uliishi kwenye eneo husika?"

"Niliishi pale, nikafa pale, nikazikwa pale, mlangoni mwa zizi. Mimi nimetoka juu juu. Ubavu uko chini, na bila ubavu silali. Nataka watoto wangu waruhusiwe kuuchukua kabla zege halijamwagwa. Ni hilo tu, kijana wangu. Sina lingine."

Yeremia aliandika yote. Akasoma ripoti, ukurasa kwa ukurasa, akinyoosha kidole. Alisema kwa upole kwamba palikuwa na siku thelathini za pingamizi, na tangazo lilibandikwa kwenye mbao za serikali ya mtaa.

"Nilikuwa chini ya samadi," Mzee Shigela alisema.

"Naelewa, mzee wangu. Ila siku zilihesabiwa kwa watu wote."

"Andika mstari mmoja tu," Rebeka alisema. "Hapa pana kaburi. Mstari mmoja, mwanangu, tusimame getini nao."

Yeremia alikuwa mtu wa huruma, na aliomba radhi akatoka kwenda kuuliza kwa wakubwa. Walimsubiri nusu saa. Teodora alichomeka kidole kwenye vyungu viwili vya ofisi, akakuta vimejaa maji mpaka juu. Mtu wa huruma sana alikuwa akivimwagilia. Alivikinga kwa gazeti, akavilaza ubavu maji yatoke, na mzee akasema miguu imepata nafuu.

Yeremia alirudi akiwa na uso mwepesi, uso wa mtu ambaye ametatuliwa tatizo.

"Nimeshauriana nao," alisema. "Kaburi, kwa mujibu wa mwongozo, ni mahali alipohifadhiwa marehemu. Sasa marehemu yupo hapa. Nimemwamkia na ameitikia. Dada wa mapokezi ni shahidi. Kwa hiyo pale kiwanjani kweli hakuna kaburi. Ripoti iko sahihi."

"Na ubavu?" Rebeka aliuliza.

Yeremia aliipekua fomu, mbele na nyuma. "Hapa kuna kaburi la mtu mzima, la mtoto, na la pamoja. Ubavu peke yake hauna kipengele."

Teodora akasimama. Hakuwa ndugu, lakini sasa alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa. Bila mimi angekuwa palepale, kamili, na ripoti yenu ingekuwa ya uongo. Kama ni kosa ni langu. Niandikeni mimi, niadhibiwe, halafu yeye apewe ubavu wake."

"Mama, ulichukua samadi?"

"Nilichukua samadi."

Yeremia akatazama orodha ya mali kwa makini, kwa sababu hakutaka kumdanganya. "Samadi haimo kwenye orodha. Kwa hiyo huna kosa. Hujachukua kitu."

Hakuna neno lililomwumiza Teodora mwaka ule kama hilo la kwamba hana kosa. Alichukua vile vyungu viwili vya mapokezi, akaahidi kuleta vingine vya ukubwa uleule, na Yeremia akamsaidia kubeba kimoja mpaka chini.

Jumamosi, Kisesa, watoto wa Shigela walijaribu kumzika hivyo hivyo alivyo. Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, kuta zimenyooka. Katekista alikuja, majirani walikuja, chai ilipikwa. Mzee alishuka mwenyewe, akajilaza ubavu wa kulia, na kwa kuwa hapakuwa na ubavu, alizama upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi, akashindwa kutulia. Wakamwambia ajaribu kushoto. Alijaribu, kwa heshima yao, akasema upande huo si alikolazwa, huko hajui usingizi ulipo. Chali pia haikuwezekana. Mwishowe akapanda, akaomba kigoda, akakaa ukingoni miguu ikining'inia ndani. Watu walikunywa chai, wakaaga.

Jumatatu Teodora na Rebeka walisimama nje ya geti la Nyakato tangu saa moja. Mlinzi aliwaletea benchi lakini hakufungua. Magari ya zege yaliingia saba, yakizungusha matumbo yao, na kufikia saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekwisha. Walipofika Kisesa, Mzee Shigela aliwaambia kwamba kuanzia saa tatu asubuhi alikuwa amesikia baridi upande wa kulia, baridi nzito, na sasa hasikii kitu. Rebeka alikaa chini palepale uani akalia kwa sauti kama siku ya kwanza ya msiba, na baba yake akamwekea mkono kichwani mpaka akanyamaza.

Tangu hapo mambo yakachukua utaratibu. Shimo halikufukiwa, kwani hakuna aliyekuwa ndani yake. Walizungushia miti watoto wasitumbukie, na mvua za vuli zilipoanza, wakawa wanachota maji kwa ndoo. Vyungu sita vilipangwa chini ya upenu, mbali na jua la moja kwa moja, na mzee aliambaa na kivuli na kigoda chake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jirani mmoja aliyekuwa na ng'ombe wanne aliombwa awapitishe hapo wakienda kunywa. Wanapopita, mzee anapiga mluzi. Ni ng'ombe wa watu, na wanageuka.

Teodora alikwenda kila Jumamosi. Majani yakifubaa aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, yakikauka ncha aliyakata. Kufikia mwezi wa kwanza mizizi ilikuwa imejaa vyunguni mpaka inachungulia chini, na ikabidi ahamishie mimea vyungu vikubwa zaidi. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika tano: unakung'uta udongo wa zamani, unautupa, unaweka mpya. Yeye alitandika khanga mbili, akakung'uta mizizi juu yake, na kila chembe iliyodondoka akairudisha kwa kijiko. Ilimchukua siku nzima. Mzee alimwuliza mara moja kama hachoki. Alisema anachoka, na akaendelea.

Kitaluni Igogo, alipoletewa samadi, aliuliza sasa zizi ni la nani, liko wapi, na mwenye mji amelala wapi. Wauzaji wengi hawakuwa na majibu. Akaacha samadi kabisa, akawa anaozesha majani na maganda ya ndizi kwenye pipa. Wateja walisema mimea yake haistawi kama zamani, na ilikuwa kweli.

Mwezi wa pili ilikuja barua kutoka kwa wathamini. Teodora alikuwepo, ndiye aliyeisoma, kwa sababu Rebeka hakuwa na miwani. Faili la Nyakato lilikuwa linafungwa, na familia ilitakiwa kutia sahihi kwamba imeisoma orodha na haina dai lingine. Bila sahihi hiyo, kiwanja cha Kisesa kisingeandikwa jina lao. Orodha ilikuwa imeambatishwa: nyumba, migomba, mipapai sita, kisima, ua wa minyaa.

"Kipengele cha sita," Teodora alisoma. "Makaburi: hakuna."

"Soma tena," Mzee Shigela alisema kutoka kwenye kigoda.

Akasoma tena.

Rebeka alishika kalamu. Kiwanja walikuwa wanakihitaji, kaka zake walikuwa na watoto, na kila mtu hapo uani alilijua hilo. Aliishika kalamu muda mrefu bila kuandika.

"Ilete hapa," baba yake alisema.

"Baba, ni yangu mimi. Imeandikwa jina langu."

"Mtoto hatii sahihi kwamba baba yake hana kaburi. Mwenye mji ni mimi. Ilete."

Mzee hakujua kusoma wala kuandika. Teodora alimwekea karatasi kwenye goti, na kwa kuwa hapakuwa na wino wa dole gumba, mzee alichovya kidole gumba kwenye chungu kilichokuwa karibu naye, akakibonyeza mahali palipoandikwa sahihi ya mkuu wa kaya. Kilitoka cheusi, kila mstari unaonekana. Rebeka alikuwa amegeukia ukutani.

Jumatatu Teodora aliipeleka mwenyewe mjini. Yeremia aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia ile alama kwenye mwanga wa dirisha, akagonga mhuri, akaiweka ndani ya faili pamoja na nyingine.

Teodora alirudi Kisesa jua likielekea kuzama. Mzee Shigela alikuwa amekaa wima pale ukingoni.

"Wameipokea?"

"Wameipokea, baba."

"Walisema neno?"

"Walisema kidole kimetoka vizuri."